Sonona na wasiwasi: Anachoweza kujifanyia mkazi wa Tseikuru

Sonona si huzuni ya siku mbili tatu. Huzuni ya msiba au ya mifugo iliyokufa hupungua siku zinavyosonga. Sonona hudumu wiki mbili na zaidi, karibu kutwa nzima, ikimwondolea mtu hamu ya mambo aliyoyapenda. Usingizi huvurugika, chakula hakipiti, nguvu huisha, na mtu huanza kujiona mzigo kwa wenzake. Wasiwasi nao hutazama mbele: moyo huenda mbio, kifua hubana, akili hukesha ikingojea balaa ambalo halijafika. Mara nyingi huja pamoja. Hospitalini mgonjwa hulalamikia kichwa, mgongo au tumbo, akarudi nyumbani na vidonge vya maumivu.

Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui upande wa Mto Tana, ina mengi ya kumkosesha mtu usingizi. Maisha hutegemea mbuzi, ndengu, mtama na mawele, na vyote hutegemea mvua. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika maeneo kame ya Kenya. Ongeza karo, madeni na migogoro ya malisho na wafugaji wa ngamia. Madaktari wa akili wa serikali wako mbali, na hospitali ya taifa ya Mathari iko Nairobi. Kwa hiyo mbinu za kujisaidia ni huduma ya kwanza, na kwa wenye dalili za wastani huenda zikatosha.

Mbinu hizo zimejaribiwa papa hapa Kenya. Utafiti uliochapishwa 2017 uliwahusisha wanawake 421 wa Dagoretti, Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia. Wahudumu wa afya ya jamii, si madaktari, waliwafundisha mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano, na waliofunzwa walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mpango wenyewe una mambo manne: kutuliza mwili, kushughulikia matatizo, kurudi kwenye shughuli na kujiimarisha kwa watu.

Kutuliza mwili ndiko kwepesi. Mtu huvuta pumzi polepole hadi tumbo lijae, akaitoa taratibu, kwa dakika kadhaa kila siku. Alizoee zoezi hili wakati ametulia, ndipo limfae siku hofu inapomvamia.

Kushughulikia matatizo kunahitaji muda zaidi. Mtu huyaorodhesha, kisha huyatenga: yanayotatulika, yasiyo mikononi mwake, na yasiyo na uzito. Mvua haimo mikononi mwa yeyote. Kuuza mbuzi wawili kabla hawajakonda kumo. Karo yote haipatikani leo, lakini kumwendea mwalimu mkuu na kuomba kulipa kidogo kidogo kunawezekana kesho asubuhi. Huchaguliwa tatizo moja, likakatwa vipande, kikaanzwa kipande kidogo kabisa. Anayehangaika na yote kwa pamoja huishia kutogusa hata moja.

Ushauri wa mjini wa “fanya mazoezi” huchekesha mahali ambapo watu hutembea kilomita nyingi kutafuta maji. Mwendo upo; kinachonyang’anywa na sonona ni shughuli yenye furaha au maana. Mgonjwa huacha soko, kanisa, kwaya, hata mwethya, vikundi vya kazi ya pamoja vilivyojenga matuta na mabwawa mengi ya mchanga huko Kitui na Makueni. Majirani humwita mvivu. Dawa yake ni kupanga jambo moja dogo kwa saa maalumu na kulitenda bila kungoja hamu, kwa maana hamu hufuata kitendo. Kumwambia “jikaze” ni kumwachia kazi yote bila kumwonyesha pa kuanzia.

Watu nao ni tiba. Mmoja msiri, anayesikiliza bila kuhubiri, anatosha kuanza. Huko Makueni, mradi ulioongozwa na Profesa David Ndetei na Profesa Victoria Mutiso uliwafunza wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kuwatambua wagonjwa na kuwaelekeza kliniki. Waliona mbali: mgonjwa huanza kwa anayemwamini.

Muguka, aina ya miraa, hufukuza usingizi na kuzidisha wasiwasi. Pombe hulaza kwa saa chache, kisha huiacha sonona nzito zaidi. Vyote viwili vipunguzwe.

Anayeshindwa kula, kulala au kufanya kazi kwa wiki kadhaa aende hospitali. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuonyesha nguvu, na haziachwi ghafla bila ushauri. Anayetaja kifo asiachwe peke yake. Aulizwe waziwazi, na dawa za kunyunyizia mimea zifungiwe mbali naye. Asiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba. Msaada hupatikana pia kwa simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, nambari 1199.