Nyekundu Inapovimbiwa

Msomaji mmoja anayepiga picha za misa na harusi hapa Bunia ameniletea simu yake yenye picha mbili za Pentekoste. "Dada, angalia kasula ya padri. Mikunjo yake imeenda wapi?" Nikazikuza kwa vidole. Nyuso za wanakwaya ziko vizuri. Mavumbi mekundu ya uwanja yanaonekana chembe kwa chembe, na majani ya mwembe hayana kasoro. Kasula peke yake imekuwa doa bapa, kama imechovywa kwenye rangi, na begani, upande wa jua, imeanza kuwa ya chungwa.

Swali hili lina uzito kwetu. Padri huvaa nyekundu siku ya Pentekoste, huivaa tena tarehe 3 Juni kwa Mashahidi wa Uganda, na tarehe 1 Desemba kwa Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Rangi hiyo ni kumbukumbu ya damu ya watu. Haifai ibaki doa.

Habari za lenzi naziacha. Twende kwenye kihisi, kile kipande cha silikoni kilicho nyuma yake. Kimegawanywa kuwa vijichumba mamilioni, na hakuna kijichumba kinachojua rangi. Kila kimoja kinajua kuhesabu mwanga tu. Mwaka 1976 Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak alipewa hataza ya mpango wa kuvifunika kwa vichujio: nusu ya kijani, robo nyekundu, robo buluu. Karibu kila simu inayouzwa kwenye Boulevard de la Libération inafuata mpango huo au ndugu yake.

Sasa jione akilini uko uani, mvua inakuja, umepanga bidoni nne nne chini ya bati. Mvua hii ina matone ya rangi tatu. Bidoni mbili zina chujio mdomoni linalopitisha matone ya kijani tu, moja inapitisha mekundu, moja ya buluu. Mvua inayotoka kwenye uso wa mtu au kwenye mwembe huzijaza bila kupishana sana. Lakini leo mvua inatoka kwenye kasula. Kitambaa kilichotiwa nyekundu kali humeza karibu kijani yote na buluu yote, kikarudisha nyekundu. Bidoni tatu zina matone ya chini tu, ya nne inapanda mbio.

Mama mwenye nyumba anachungulia mlangoni. Anaona bidoni tatu kati ya nne karibu tupu, anasema: ziacheni, maji bado. Mama huyo ndiye kipimamwanga cha kamera. Kamera inapima ung'avu, na kwa kanuni ya kawaida ya skrini, nyekundu huchangia takriban asilimia 21 tu ya ung'avu, kijani 72, buluu 7. Bidoni nyekundu inalia, haisikiki. Inajaa mpaka mdomoni, mvua inaendelea, maji yanapita ubavuni na kupotelea mchangani. Ukija kupima, bidoni iliyokuwa chini ya mchirizi mkubwa ina lita ishirini, na ile ya pembeni kabisa ina lita ishirini. Wapi kulinyesha zaidi? Hakuna anayeweza kusema tena. Na mkunjo wa nguo si kitu kingine ila tofauti hiyo: mgongo wake unapata mwanga mwingi, bonde lake kidogo. Kwenye faili ya kawaida ya picha, mdomo wa bidoni unaitwa 255. Bonde lililostahili 260 na mgongo uliostahili 400 vyote vimeandikwa 255.

Na ile chungwa ya begani? Hapo ndipo hesabu hii inaponifurahisha kupita kiasi. Nyekundu imekwama mdomoni, lakini bidoni ya kijani bado ina nafasi, inaendelea kupanda tone kwa tone. Nyekundu ileile, kijani inayoongezeka: rangi inateleza kuelekea chungwa.

Hali hiyo tuiiteje? Neno la kwanza lililonijia ni kushiba, lakini aliyeshiba bado anatofautisha tamu na chungu. Kufurika kungemwagia jirani, na hapa jirani hapati kitu. Kukolea nimekukataa kabisa: kukolea ni sifa ya kitambaa, hii ni kasoro ya hesabu. Basi nasema nyekundu imevimbiwa. Aliyevimbiwa, umwongezee kijiko cha sombe au sufuria nzima, hali yake ni ileile. Tena inaniuma kwamba inavimbiwa rangi hii hasa, maana katika rangi tatu za kamera ndiyo pekee tuliyoizaa wenyewe na kuipa ngeli: kitambaa chekundu, mavumbi mekundu. Kijani tumeiazima kwa jani, buluu kwa wageni.

Mavumbi yamepona kwa sababu wekundu wake ni wa kutu ya chuma, nao hurudisha kijani kiasi, bidoni zinakaribiana.

Mara nyingi, hata hivyo, bidoni yenyewe haikujaa. Kamera, ili nyeupe ionekane nyeupe, huzidisha hesabu ya nyekundu, juani mara nyingi kwa 1.5 hadi 2, na kuvimbiwa kunatokea hapo. Ndiyo maana simu inayohifadhi faili ghafi, yaani hesabu za kabla ya kuzidishwa huko, huwa bado na mikunjo ndani yake.

Ili kujaribu dawa yake, nilianika kitenge chekundu kambani saa sita mchana. Picha ya kwanza: doa. Nikagusa kitenge kwenye kioo, nikaburuta alama ya jua chini mpaka mwanga ukapungua kama nusu. Mikunjo ikarudi, na mshono wa pindo nikauhesabu tundu kwa tundu. Uso wa mtoto aliyeshika kamba uliingia giza, nikaung'arisha baadaye peke yake. Tarehe 1 Desemba, ndugu yangu, anza na kasula. Nyuso utazinyanyua nyumbani.