Mfuko wa kasiteriti wa Kampene na mapatano ya inchi 12

Mwezi wa 9 mwaka 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika majimbo matatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri ilidumu hadi mwezi wa 3 mwaka 2011. Serikali ilisema inataka kuwanyima pesa watu wenye silaha. Lakini katika teritware ya Pangi, mahali ambapo pesa ya shule, dawa na hata mahari hutoka shimoni, amri ile iliwakuta pia watu ambao hawakuwa na bunduki yoyote. Mchimbaji alikaa nyumbani, muuza mihogo naye akakosa wateja.

Na hata machimbo yalipofunguliwa tena, wanunuzi hawakurudi kama zamani. Sababu ilikuwa mbali sana na Kampene. Mwezi wa 7 mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria inayotaka kampuni zinazouza hisa kule zieleze kama bati, koltani, wolframu au dhahabu wanayotumia imetoka Kongo ao kwa majirani wake, na kama imewafaidisha wenye silaha. Sheria haikukataza kununua. Ila kampuni nyingi ziliona ni heri kuacha mali ya Kongo kabisa kuliko kuhangaika na maswali. Mchimbaji wa Pangi na mwenye bunduki wa Walikale wakawekwa ndani ya mfuko mmoja.

Hapo ndipo mapatano kati ya inchi yanapoingia katika maisha ya mtu wa Kampene. Mara nyingi redioni tunasikia maraisi wamekutana Luanda, Nairobi, Dar es Salaam ao Doha, wakapiga picha, wakaenda. Watu huuliza: sisi inatuhusu nini? Kwa upande wa madini, jibu liko wazi: kuna mapatano yanayoamua kama mfuko wako utanunuliwa ao utalala depo.

Mapatano hayo ni ya CIRGL, yaani Mkutano wa Kimataifa wa Inchi za Maziwa Makubwa. Ulizaliwa kwa sababu vita vya Kongo havikuwa vya Kongo peke yake. Tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2006, kule Nairobi, wakuu wa inchi 11 walitia sahihi Mkataba wa usalama, utulivu na maendeleo. Sudani ya Kusini iliingia baadaye, zikawa 12: Angola, Burundi, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Kongo-Brazzaville, RDC, Kenya, Uganda, Rwanda, Sudani, Sudani ya Kusini, Tanzania na Zambia. Ofisi yake kubwa iko Bujumbura. Ndani ya mkataba ule kuna sehemu inayokataza kuchimba na kuuza utajiri wa inchi kwa njia ya wizi, na miaka minne baadaye, mwezi wa 12 mwaka 2010, maraisi walikutana Lusaka wakakubali namna ya kuitekeleza. Namna yenyewe ni cheti kimoja kwa inchi zote.

Kwa karatasi, kazi inakwenda hivi. Kwanza wakaguzi wanafika kwenye machimbo na kuyapa rangi. Kijani ni kusema hakuna wenye silaha, hakuna watoto shimoni, mali inaweza kuuzwa. Manjano ni onyo, na muda wa kurekebisha. Nyekundu ni kusema hakuna kuuza. Machimbo yakiwa ya kijani, ajenti wa SAEMAPE anapima mfuko, anauandika katika kitabu na kuufunga kwa etiketi yenye namba. Ukifika kwa negosia, ajenti wa Divisheni ya Madini anapima tena na kuweka etiketi ya pili. Halafu unaenda komptuari, unasafishwa, unaunganishwa na mingine. Mwishoni CEEC inachukua sampuli, na serikali inatoa cheti cha CIRGL. Bila cheti hicho, inchi nyingine 11 zinapaswa kuukataa mzigo mpakani.

Neno hilo, "zinapaswa", ndilo lenye kazi ngumu yote.

Watu wengi huchanganya etiketi na cheti. Cheti ni cha maserikali. Etiketi zinazojulikana sana, za ITSCI, ni za mpango wa wafanyabiashara wa bati na koltani wa dunia. Hao wanakatwa pesa kwa kila tani inayouzwa inje, na ile pesa inashuka ngazi kwa ngazi: komptuari inampunguzia negosia, negosia anampunguzia mchimbaji. Mtu anaambiwa tu, "Papa, bei imeshuka," haelezwi kwamba sehemu ya bei ndiyo imelipia kile kipande cha plastiki kwenye mfuko wake. Si vibaya kulipia ulinzi wa jina la mali yako. Vibaya ni kulipa bila kujua, na mlango ukifungwa hakuna anayekurudishia.

Na mlango uko na matundu. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilieleza namna etiketi zilivyokuwa zikifungwa kwenye mali iliyotoka machimbo yasiyokaguliwa. Kisha vita vikaonyesha tundu kubwa zaidi. Mwezi wa 4 mwaka 2024, M23 waliteka Rubaya, katika Masisi, penye machimbo makubwa ya koltani. Wataalamu wa ONU waliandika kwamba koltani ya pale ilivushwa hadi Rwanda na kuchanganywa na mali ya Rwanda. Serikali ya Rwanda inakana kushiriki katika wizi huo. Mwezi wa 2 mwaka 2025, Kinshasa ilitangaza machimbo kadhaa ya Masisi na Kalehe kuwa mekundu. Lakini rangi haina nguvu mahali ambapo ajenti wa serikali hawezi kukanyaga. Tena katika CIRGL, cheti kinatolewa na serikali ya inchi mzigo unakotoka. Kama inchi inayotoa cheti ndiyo inayolaumiwa kupokea mali ya jirani, mkataba unakuwa unategemea mtu kujishitaki mwenyewe.

Dhahabu ndiyo ngumu kuliko yote, na Kampene ni kwenye dhahabu pia. Mfuko wa kasiteriti ni mzito, unaonekana, unahitaji gari ao ndege. Dhahabu ya mwezi mzima inaingia mfukoni mwa shati. Mtu hawezi kuifunga etiketi. Kodi zisipolingana kati ya inchi, itafuata njia ya kodi ndogo, na cheti kitabaki ofisini. Ndiyo sababu Lusaka maraisi waliahidi pia kulinganisha sheria zao za madini. Ahadi hiyo imetembea polepole sana. Mwisho wa mwaka 2022 Kongo ilijaribu njia nyingine: ilipatana na Falme za Kiarabu, ikaanzisha kampuni ya Primera Gold ili inunue dhahabu ya wachimbaji wa mikono kule Bukavu na kuitoa kwa njia halali. Bukavu ikaanguka mikononi mwa M23 mwezi wa 2 mwaka 2025.

Kuanguka kwa Goma na Bukavu kuliifikia Maniema bila risasi. Kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa mwezi wa kwanza 2025, cha Kavumu kikafuata. Kindu ilikuwa ikipata vitu vingi kwa ndege kutoka Goma, na wanunuzi wengi wa kasiteriti walikuwa na depo katika ile miji miwili. Barabara ya kuelekea Shabunda, ambako Warega wa Pangi wana ndugu zao, haiwezi kubeba biashara hiyo.

Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 2025, mawaziri wa mambo ya inje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mapatano ya amani Washington. Tarehe 4 mwezi wa 12 maraisi Félix Tshisekedi na Paul Kagame walikwenda wenyewe kuyathibitisha. Kwa upande wa usalama, Kongo inapaswa kuwamaliza nguvu FDLR, na Rwanda kuondoa kile inachoita hatua zake za ulinzi. Kwa upande wa uchumi, inchi mbili zinaahidi kushirikiana katika biashara ya madini, tangu shimoni hadi sokoni, na Marekani ikiwa mshirika. Mazungumzo na M23 yenyewe yako pembeni, kule Doha, chini ya Qatar. Siku chache baada ya sahihi ya maraisi, M23 waliingia Uvira.

Kwa hiyo mtu wa Kampene asingoje bei ipande kwa sababu ya picha ya Washington. Lakini asiseme pia kwamba haimhusu. Kama biashara hiyo ya madini itaanza kweli, swali la kwanza kwa kila mfuko litakuwa lile lile la Lusaka: umetoka shimo gani, na nani alikuwa pale na bunduki? Machimbo yenye rangi ya kijani na vitabu vilivyoandikwa vizuri yataweza kujibu. Rangi hiyo haidumu milele, sharti ukaguzi urudiwe. Kooperative inaweza kwenda Divisheni ya Madini na kuuliza machimbo yao yalikaguliwa lini na yalipewa rangi gani. Na mchimbaji ana haki ya kuona kilo zake zikiandikwa mbele ya macho yake, na kunakili namba ya etiketi kabla mfuko haujapanda juu ya pikipiki.