Tunu Si Pambo

Hivi karibuni nilipita katika duka moja la vitu vya kale, Mji Mkongwe wa Unguja. Palikuwa na mrashi wa fedha, chetezo, kijaluba na sahani za sini za aina iliyokuwa ikipangwa katika vidaka vya ukutani. Kijana muuzaji, alipoulizwa majina yake, alijibu kwa neno moja: "Mapambo, mzee wangu."

Jawabu hilo lisitufanye tumlaumu kijana. Lawama ni yetu sisi tuliomlea.

Wazee wetu hawakuviita vitu adimu kwa jina moja. Kitu cha thamani, kipatikanacho kwa nadra, anachopewa mtu mpenzi, ni tunu. Kigeni kinachozuka watu wakakikimbilia kukitazama ni shani. Kinachochekesha au kushangaza kwa ugeni wake ni kioja. Mali iliyofukiwa ardhini ni dafina, neno lenye asili ya Kiarabu, litokalo katika mzizi wenye maana ya kuzika. Pambo ni cha kupendezesha tu. Basi mrashi, ambao wageni hunyunyiziwa marashi kwao harusini na maulidini, si pambo. Ni chombo cha heshima.

Pengine atatokea wa kusema kwamba vyombo hivyo vilikuwa vya mabwana, na tuviache vipotee. Hoja hiyo ni dhaifu. Bwana alinunua tu. Aliyefua fedha na kutia nakshi ni fundi, mtu wa jasho, na jina la chombo ndilo kumbukumbu yake.

Beit-el-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Disemba, 2020, watu wawili walifariki, na nchi nzima ilisikitika. Jengo, kwa mawe na chokaa, laweza kusimamishwa tena. Neno likianguka hapana fundi wa kulisimamisha.

Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Hiyo ni kazi njema, lakini kamusi ni ghala. Neno huishi mdomoni. Hapana budi, basi, wazazi wavitaje vyombo hivi mbele ya watoto, walimu wavifundishe, na wenye maduka wabandike juu ya kila chombo jina lake la Kiswahili.

Kuuza si aibu, ni riziki. Aibu ni kumkabidhi mgeni tunu, nasi hatujui kuiita.