Haraka na mawingu: Kwa nini rubani hodari hukubali kurudi nyuma

Ndege ndogo inayoondoka katika Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Changamwe, kuelekea Uwanja wa Wilson jijini Nairobi huanza safari karibu na usawa wa bahari na kuimaliza katika mwinuko wa takriban mita 1,690. Njiani ipo milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria hufikia mita 2,208, na ile ya Chyulu.

Tofauti hiyo ndiyo huufanya msimu wa masika kuwa mtihani kwa marubani. Wingu lililotanda mita 600 juu ya Changamwe huonekana kuwa mbali. Lakini likiendelea katika kimo hicho hicho hadi Voi, mji uliopo kwenye mwinuko unaokaribia mita 600, litakuwa linaigusa ardhi. Rubani anayeng’ang’ania kupita chini yake huwa kama samaki aliyeingia demani: mlango ni mpana, mbele hakuna njia.

Sikio linapodanganya

Akiamua kuingia wingu hilo, hukabiliwa na hatari nyingine. Binadamu hujua kusimama wima kwa msaada wa macho na majimaji yaliyo ndani ya sikio. Ndani ya wingu macho hayaoni upeo wa mbali, nayo majimaji hayo huzoea mzunguko wa polepole na kumwambia rubani kwamba ndege imenyooka, ilhali imelala upande na inashuka.

Mnamo 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwapima watu 20 ambao hawakuwa na ujuzi wa kuruka kwa kutegemea vyombo pekee. Wote walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani baada ya sekunde 178. Hizo hazitimii dakika tatu.

Baridi nayo ina madhara yake. Mnamo Septemba 1936, Beryl Markham, rubani aliyekulia Kenya, alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwa ndege ndogo aina ya Vega Gull. Barafu iliziba matundu ya kupitishia hewa ya matangi, injini ikakosa mafuta, naye akalazimika kutua kwa kishindo kwenye kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Alinusurika.

Mashindano na saa

Hatari hizi huongezeka maradufu rubani anapokimbizana na wakati. Aliyemfunza Bi Markham urubani, Tom Campbell Black, alikuwa rubani mkuu wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mnamo 1929 na Bi Florence Kerr Wilson. Mnamo Oktoba 1934, yeye na C.W.A. Scott walishinda mbio za kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, kwa muda wa saa 71 hivi, ingawa injini yao moja ilipoteza shinikizo la oili walipokuwa wakivuka Bahari ya Timor.

Katika mbio hizo hizo, ndege ya shirika la KLM iliyoitwa Uiver ilipotea usiku ndani ya dhoruba karibu na mji wa Albury, Australia. Wakazi waliwasha na kuzima taa za mji mzima ili kuwapa ishara marubani, kisha redio ikawaomba wenye magari waende kumulika uwanja wa mbio za farasi. Ndege ilitua salama. Asubuhi wakazi waliikokota kutoka matopeni, nayo ikamaliza ya pili.

Si wote waliobahatika. Mbio za 1936 za kutoka Portsmouth, Uingereza, hadi Johannesburg zilianza kwa ndege tisa, na ni moja tu iliyofika, ile ya Scott na Giles Guthrie, baada ya saa 52 na dakika 56. Max Findlay na mtambo wake wa redio, A.H. Morgan, waliangamia walipokuwa wakipaa kutoka Abercorn, leo Mbala nchini Zambia. Campbell Black mwenyewe alikuwa ameaga dunia siku 10 kabla ya mbio, ndege ya kijeshi ilipoigonga yake uwanjani Liverpool.

Funzo kwa abiria

Marubani wa leo wana utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, rada na mitambo ya setilaiti ambayo watangulizi wao hawakuwa nayo. Hata hivyo, mitambo hiyo haiwezi kupunguza kimo cha milima ya Taita, wala kumfanya asiyefunzwa kuruka ndani ya wingu aweze kufanya hivyo. Ndiyo maana rubani makini huhesabu mafuta ya kwenda, ya kurejea na ya kumfikisha kiwanja mbadala, kama vile Malindi au Ukunda, na huamua mapema ni wapi atageuza iwapo hali itaharibika.

Aghalabu shinikizo hutoka kwa abiria mwenye mkutano, harusi au mgonjwa anayemsubiri. Kwake yeye, saa moja ya kungoja Changamwe ni hasara. Lakini anayemhimiza rubani aondoke humtia katika mbio ambazo hakujiandikisha, tena bila zawadi mwishoni. Nahodha wa jahazi anayetua tanga wingu la mvua linapozuka haitwi mwoga. Rubani anayeahirisha safari naye anastahili heshima iyo hiyo.