Bega likivunjika uzeeni

Mzee anapoanguka na kuvunjika bega, mara nyingi kinachovunjika ni ncha ya juu ya mfupa wa mkono, karibu na kiungo. Wanawake ndio huumia zaidi, kwa kuwa mifupa yao hudhoofika haraka hedhi ikishakoma. Huko Kisangani, kuteleza kwenye tope, kuanguka kutoka kwenye toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria, au kukosea hatua wakati wa kushuka mtumbwini Lubunga, ng'ambo ya mto, kunatosha kuuvunja. Siku chache baadaye weusi hushuka hadi kiwikoni. Weusi huo huwatisha watu wa nyumbani, lakini ni damu tu inayoteremka chini ya ngozi.

Picha ya eksirei huonyesha kama vipande vimehama. Tangu 1970 madaktari hutumia kipimo cha Mmarekani Charles Neer: kipande kimehama kikisogea zaidi ya sentimita 1 au kikipinda zaidi ya nyuzi 45. Kwa wagonjwa wengi vipande havijahama sana, na upasuaji hauhitajiki. Ubishi ulikuwa juu ya vile vilivyohama. Utafiti wa Uingereza uitwao PROFHER, uliotolewa 2015, ulifuatilia wagonjwa 250 wenye wastani wa miaka 66. Baada ya miaka 2, waliopasuliwa hawakuwa na nafuu zaidi kuliko waliofungwa kitambaa tu. Mahali ambapo familia hujilipia matibabu, hiyo ni habari njema kwelikweli.

Lakini kufungwa kitambaa si kuachwa bila matibabu. Kitenge kilichokunjwa pembetatu hushikilia mkono shingoni, kiwiko kikiwa ubavuni. Vidole na kifundo huchezeshwa tangu siku ya kwanza, na usiku mgonjwa hulala ameegemea mito. Maumivu yakipungua, kwa kawaida ndani ya wiki 2, huinama akishika meza kwa mkono mzima, kisha huuachia ule mgonjwa ubembee taratibu kwa miduara midogo. Wanaobaki na bega gumu mara nyingi ni wale waliokawia kuanza mazoezi. Kukanda mvunjiko mbichi au kuukaza kwa vijiti na kamba huzidisha madhara. Vidole vikivimba na kufa ganzi, kamba zifunguliwe mara moja.

Kisu kina nafasi yake: mfupa ukitoboa ngozi, mshipa mkubwa wa damu ukikatika, au kichwa cha mfupa kikipasuka au kikitoka kiungoni kisirudi. Bamba la chuma hushikwa kwa skrubu, nazo katika mfupa laini zaweza kulegea au kutokeza kwenye kiungo. Kwa baadhi ya wazee, kiungo bandia cha kinyume (tufe na kikombe chake hubadilishana nafasi), alichokibuni Mfaransa Paul Grammont katika miaka ya 1980, hufanya kazi vizuri zaidi kuliko bamba, ila kinadai daktari aliyekizoea na vifaa vya gharama kubwa.

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, mifupa yenyewe itibiwe pia, kwani aliyevunjika bega yumo katika hatari kubwa ya kuvunjika nyonga, hasa ndani ya mwaka wa kwanza.