Sungusungu wa Ndani ya Ngozi

Haya wajukuu, sogeeni. Na wewe wa nyuma, weka hiyo simu.

Sungusungu mnawajua. Walianzia huku kwetu, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi. Vijana wakashika pinde na mishale, wakalinda vijiji kwa zamu. Sasa mwili nao una sungusungu wake: seli nyeupe za damu. Wapo wanaoitwa seli T, na baadhi yao hushinda kwenye ngozi, maana ngozi ndiyo mpaka wa kijiji. Kila mmoja anamfahamu adui wa sura fulani. Huyu anamjua mdudu wa surua, yule wa kifua kikuu.

Je, mlinzi mwenyewe akigeuka? Seli T moja inaharibika, haifi wakati wake ukifika, inazaa nyingine za sura ileile. Hiyo ndiyo limfoma ya ngozi. Daktari Mfaransa, Jean-Louis Alibert, aliieleza tangu mwaka 1806. Huanza na mabaka yanayowasha, mara nyingi kiunoni, makalioni au mapajani, na kwenye ngozi nyeusi kama yetu baka linaweza kuwa jeupe kidogo. Mtu anapaka dawa ya fangasi miaka na miaka. (Baka lisilosikia dawa likatwe kipande, kipimwe kwa darubini. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992.) Likiachwa linaweza kuwa vivimbe, au ngozi nzima ikawaka, na seli zikaingia kwenye damu na mitoki.

Hapo kijiji kinakuwa na walinzi tele wasiolinda. Wazuri wanapungua, na vijidudu vinapenya kwenye vidonda. Wagonjwa wengi waliofika hatua hiyo huuawa na maambukizi kuliko uvimbe wenyewe.

Tiba zipo: mionzi, dawa za mshipani, na njia moja inayonishangaza hadi leo. Mwaka 1987, Richard Edelson wa Marekani na wenzake walieleza jinsi walivyotoa damu ya mgonjwa, wakatenga seli nyeupe zikiwa na dawa maalumu, wakazimulika kwa mwanga wa urujuani usioonekana, kisha wakamrudishia. Wagonjwa wengi walipata nafuu.

Lakini dawa kali ya mshipani haichagui vizuri. Inafukuza waasi na walinzi pamoja. Seli za kwanza kupambana na bakteria hushuka sana wiki ya kwanza au ya pili baada ya dozi, kisha uboho ulio ndani ya mifupa huzijaza tena, kwa kawaida kufikia wiki ya tatu. Seli T huchelewa, miezi, hata zaidi ya mwaka, kwa sababu kuzaliwa hakutoshi. Lazima zifundwe.

Shule yao iko nyuma ya mfupa wa kifua: tezi ya thaimasi. Zamani wataalamu waliidhania kaburi la seli. Mwaka 1961, Jacques Miller, akiwa London, alionyesha kwamba panya wachanga walioondolewa tezi hiyo hushindwa na magonjwa, na hata ngozi ya panya mgeni hawaikatai. Ninyi mnayo kubwa. Yangu imekwisha kusinyaa, imejaa mafuta. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwapima wagonjwa wa saratani waliomaliza dawa kali, wakaona walio wadogo ndio waliorudisha seli T haraka.

Shida ni kwamba limfoma ya ngozi hupenda watu wazima. Shule yao ina madarasa machache. Seli zilizosalia hujizalisha, idadi ikapanda, ila sura wanazozifahamu zikabaki chache. Kwa hiyo mtu anaweza kurudi nyumbani ngozi ikiwa safi, na mafua yenu bado yakamlaza kitandani. Maziwa achemshiwe, mikono ioshwe, mwenye homa akae mbali. Chanjo ya surua, kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hapewi mpaka daktari aruhusu. Wakati huo anakingwa na watoto waliochanjwa wanaomzunguka.

Haya, kadi zenu za kliniki ziko wapi?