NGAZI YA FUNDI: KUTOKA UFUNDI STADI HADI SHAHADA

Swali la nani aendelee na masomo, na kwa njia gani, ni swali la siasa kabla halijawa swali la vyuo. Jamii inayomfungia fundi njia ya elimu ya juu huwa imekwisha kuamua kwamba wako watu wa kufikiri na wako watu wa kutenda. Uamuzi huo haupatani na Ujamaa, ambao unaiheshimu kazi yenyewe na hautambui tabaka la watu waliozaliwa kutumwa. Makala hii inaeleza jinsi njia ya kutoka ufundi stadi hadi shahada inayofundishwa kwa vitendo ilivyojengwa nchini Tanzania, inapokatikia wapi, na kazi gani imebaki.

Chanzo cha mgawanyiko

Mkoloni hakuhitaji mhandisi Mwafrika. Mhandisi alitoka Ulaya; Mwafrika alitakiwa awe msaidizi, ajue kushika chombo bila kuuliza kwa nini kimetengenezwa hivyo. Shule za ufundi za Ifunda na Moshi, zilizofunguliwa katika miaka ya 1950, zilitoa mafundi hodari, lakini nyuma ya karakana zake hapakuwa na mlango wa kwenda mbele zaidi. Ndiyo maana hata baada ya Uhuru wazazi wengi waliendelea kuuona ufundi kuwa ni mahali pa kumpeleka mtoto aliyeshindwa mtihani. Kasumba hiyo ilikuwa na msingi wake katika hali halisi: aliyeingia ufundi alikuwa amefika mwisho wa safari yake ya elimu.

Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliushambulia mgawanyiko huu wa kazi ya mikono na kazi ya akili. Hatua kubwa zilifuata. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Uhandisi. Mwaka 1974 ilipitishwa Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi, na mwishoni mwa mwaka huohuo Azimio la Musoma likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu.

Hatua hizo tatu zilikuwa sahihi, kila moja kwa nafasi yake. Lakini tukizitazama kwa pamoja tunaona upungufu. Kitivo cha Uhandisi kilipokea hasa waliomaliza kidato cha sita. Mafunzo ya ufundi stadi yalipokea zaidi waliomaliza darasa la saba. Zilijengwa nyumba mbili katika muda wa miaka miwili, na kati yake hapakuwekwa ngazi. Azimio la Musoma nalo lilimpeleka kijana wa kidato cha sita kazini kwa muda, kisha likamtaka alete mapendekezo ya mwajiri na ya Chama kuhusu tabia na bidii yake. Halikuweka kipimo cha ujuzi wenyewe ambao mtu ameupata kazini. Sharti hilo lilianza kulegezwa baada ya miaka michache, na katika miaka ya 1980 likaachwa.

Ngazi ilivyo sasa

Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA. Sheria ya mwaka 1997 ikaunda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, na mwaka huohuo Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1957, kikageuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Chuo cha Ufundi Mbeya kimepita hatua kwa hatua mpaka kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012. Kwa hiyo vyuo vilivyokuwa vikitoa mafundi sanifu leo vinatoa shahada, na karakana zake zimo ndani ya masomo ya shahada hizo.

Ngazi yenyewe ina vidato vinavyojulikana. Ufundi stadi una ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Juu yake kuna elimu ya ufundi: ngazi ya nne ni astashahada ya awali, ya tano ni astashahada, ya sita ni stashahada, ya saba ni stashahada ya juu, na ya nane ni shahada. Tangu mwaka 2021 Baraza moja linasimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi pia. Vilevile, utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu umemtambua mwenye cheti cha ufundi stadi ngazi ya tatu ambaye hakufikisha ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne: akipata stashahada kwa kiwango kinachotakiwa, anaweza kuomba shahada.

Basi kwa maandishi njia ipo. Swali ni je, fundi anaweza kuipita?

Inapokatikia

Tuchukue mfano wa fundi umeme wa kiwandani. Amemaliza ngazi ya tatu, amefanya kazi miaka minane, anasuka mota iliyoungua na inarudi kazini. Akitaka shahada ya uhandisi wa umeme, kwa kawaida atasoma stashahada miaka mitatu na shahada miaka minne. Jumla ni miaka saba. Vipingamizi vyake ni vitatu.

Kwanza ni kurudia. Mwaka wa kwanza atafundishwa kushika tupa na kufunga waya pamoja na kijana ambaye hajawahi kuingia karakana. Ujuzi wake haukuhesabiwa. Huu ni ubadhirifu wa muda wa mfanyakazi na wa fedha za umma. Urasimishaji wa ujuzi unaofanywa na VETA, ambao humpima na kumpa cheti mtu aliyejifunza kazini, umethibitisha kwamba ujuzi wa namna hiyo unapimika. Ukipimika kwa ajili ya cheti cha ufundi stadi, unaweza kupimika pia kwa ajili ya kumpunguzia mtu masomo ya stashahada.

Pili ni hisabati na lugha. Katika ufundi stadi mafundisho mengi huendeshwa kwa Kiswahili. Kuanzia ngazi ya nne lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Fundi anaweza kuijua kazi na kushindwa swali. Na hisabati aliyofundishwa inatosha kukata bomba, haitoshi kukokotoa nguvu zinazolipasua. Hapa ndipo wengi huanguka, na wakianguka husemwa kwamba mafundi hawana akili ya kusoma.

Tatu ni riziki. Mwanafunzi wa kidato cha sita hulishwa na wazazi. Fundi hulisha watoto. Mikopo ya elimu ya juu ilianza kufikishwa kwa baadhi ya fani za stashahada katika mwaka wa masomo 2023/24, na hiyo ni hatua ya maana. Lakini mkopo wa mwanafunzi haulipi kodi ya nyumba ya familia. Mfanyakazi anahitaji masomo ya jioni, na mwajiri anayempa ruhusa bila kumfukuza.

Fikra mbili za makosa

Wapo wanaosema kwamba kumfungulia fundi mlango ni kushusha kiwango. Hawa wanachanganya mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Daraja likianguka halimuulizi mhandisi wake aliingia chuo kwa cheti gani. Kwa hiyo mtihani wa mwisho usilegezwe kwa mtu yeyote. Ujerumani, nchi ambayo kwa msaada wake Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978, iliamua mwaka 2009 kwamba fundi mwenye cheti cha juu cha Meister anastahili kuomba chuo kikuu bila cheti cha sekondari ya juu. Viwanda vyake havikuporomoka kwa ajili hiyo.

Wapo wengine wanaoiona ngazi kuwa ni njia ya kuukimbia ufundi: mtu apande ili avue ovaroli, avae tai, asishike spana tena. Fikra hii ni hatari zaidi kwa sababu inaonekana kuwa ya maendeleo. Ikishinda, kila fundi bora ataondoka karakana na nchi itabaki na maofisa wengi na mashine mbovu. Shahada ya ufundi haina maana isipokuwa anayeipata anarudi kwenye mtambo akiwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuutengeneza, kuubuni upya na kuwafundisha wenzake. Tena fundi asiyetaka kupanda lazima alipwe na kuheshimiwa pale alipo.

Kazi iliyo mbele

Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeingiza mkondo wa amali katika sekondari. Vijana hao watafika kwenye ngazi hii wakiwa wengi. Wasipoipata imekamilika, wazazi watarudi kwenye kasumba ileile, na watakuwa na haki. Kwa hiyo:

(a) Vyuo vya ufundi viweke kozi ya daraja ya hisabati, sayansi na Kiingereza cha kazi kwa wenye ngazi ya tatu, na ifundishwe na walimu wanaoijua karakana.

(b) Ujuzi wa kazini upimwe kwa mtihani wa vitendo, na atakayefaulu asirudishwe kusoma anachokijua.

(c) Mashirika ya umma yawe ya kwanza kutoa ruhusa ya masomo kwa mafundi wake, na vyama vya wafanyakazi viidai katika mikataba ya hali bora.

(d) Matawi ya Chama yawajue mafundi wanaotaka kusoma, yaulize wamekwamia wapi, na yapeleke majibu hayo juu.

Ngazi hupimwa kwa idadi ya waliofika juu wakitokea chini kabisa. Hesabu hiyo ndiyo Chama kinapaswa kuidai kwa vyuo kila mwaka.